Korona 2020: Kigoma hatukufungiwa ndani ila mwenzenu nilijifungia mwenyewe, mzee wa reli ndo alinitoa (uzi mrefu kidogo)

#1 Chaki_Mkononi

Wakuu habari za saa hizi, na mlioko Kigoma mwakeye.

Huu uzi nimeuahirisha miaka kadhaa, kila nikianza kuandika naona aibu nafuta. Juzi nimekutana na kijana niliyemfundisha darasa la sita, sasa hivi yuko chuo, kakonda macho yameingia ndani, ananiambia mwalimu mi silali. Nikamuuliza unatembea? Akanitazama kama nimemuuliza unafuga mamba. Nikarudi nyumbani nikasema basi leo liwalo na liwe.

Mi ni mwalimu wa hisabati shule binafsi, nakaa Mwanga. Kabla ya korona sikuwahi kufanya mazoezi hata siku moja, wale wanaokimbia alfajiri na bukta nilikua nawaona watu waliokosa kazi za kufanya. Kumbe mwenyewe nilikua natembea kama kilomita tatu kwenda shule na tatu kurudi, kila siku ya Mungu, na kurudi ni kupanda, alafu kutwa nimesimama ubaoni. Ila sikuwahi kuita hayo mazoezi, niliita kukosa hela ya bodaboda.

Tarehe 16 Machi 2020 wakatangaza mgonjwa wa kwanza, kule Arusha. Kesho yake shule zikafungwa. Najua kuna watakaokuja hapa kusema Tanzania hakukua na kufungiwa ndani, na ni kweli, soko la Mwanga lilikua wazi, misikiti wazi, makanisa wazi, bodaboda wanapita, ndoo za koki za kunawia ziko kila mlango wa duka. Mi ndo nilifunga. Machi tulipata nusu mshahara. Aprili tukaitwa pale chini ya mwembe wa shule, kila mtu na kiti chake mbali na mwenzake, barakoa za kitenge, mwenye shule akasema ada hazijaingia, akanyamaza. Hakuna aliyeuliza kitu. Tukaondoka mmoja mmoja kama tumetoka kuzika.

Basi nikawa mtu wa kiti cha uani na simu. Nina magrupu matano, la ukoo, la walimu, la kwaya, la mtaa na moja sijui nani aliniunga. Mnakumbuka ile meseji ya "vuta pumzi ushikilie sekunde kumi, ukikohoa unayo"? WHO walisema ni uzushi lakini mi hiyo ya uzushi ilinifikia mara nane na ya kukanusha mara moja. Nilikua naifanya saa nane usiku mke kalala. Navuta, nahesabu, sekunde kumi zinapita vizuri tu, alafu najiambia labda umehesabu haraka, narudia. Narudia mpaka kifua kinabana kweli, kikibana najiambia si unaona, ndo hiyo. Moyo unaenda mbio, vidole vinakufa ganzi, nanyanyuka nakwenda kushika bomba la uani angalau nisikie kitu cha baridi. Mpaka adhana ya alfajiri niko macho. Mchana najifukiza. Mwarobaini, mchaichai, majani ya mkaratusi, blanketi juu, mara tatu kwa siku mpaka ngozi ya uso ikaanza kuchubuka, mke wangu akaificha sufuria kwa jirani.

Mwanzoni mwa Mei takwimu zikaishia wagonjwa 509 na vifo 21, baada ya hapo mwaka ule hazikutoka tena. Sitaki siasa humu tafadhali. Ninachosema mtu wa hisabati ukimnyima namba anajitungia zake, na namba za kujitungia saa nane usiku huwa hazipungui.

Mei nilikaa siku nne bila kuoga. Mtoto wangu wa mwisho, wa miaka sita, alikua anapita mlangoni ananyata kama kuna mgonjwa. Hapo ndo mke akaenda kumwambia mzee wa nyumba ya tatu.

Huyu mzee alifanya kazi reli ya kati, kazi yake ilikua kukagua njia kwa miguu, umri wake umepita sabini. Akaja jioni, hakuingia, akasimama nje akaita, mwalimu, nina shida, kila asubuhi nashuka stesheni kunyoosha miguu lakini mtelemko unanisumbua, nahitaji mtu wa kunishika. Kesho saa kumi na mbili. Akaondoka, hata jibu hakusubiri. Sasa wa pwani hawajui, huku magharibi saa kumi na mbili asubuhi bado giza, jua letu linachelewa, Dar wameshakunywa chai sisi ndo kwanza tunaona mikono yetu.

Nikatoka kwa aibu tu, utamkatalia vipi mzee. Nikanyoosha mkono nimshike akasema hapana, si wanasema tuachane mita? Akanipa ncha moja ya fimbo yake, ile ndefu ya kuchungia, yeye kashika ncha nyingine. Tukashuka hivyo gizani kama vipofu wawili wanaongozana. Na sheria yake ni moja, mpaka stesheni hakuna kutaja huo ugonjwa, atakayetaja ananunua kahawa. Wiki ya kwanza kahawa nilinunua mi kila siku.

Naendelea chini, kuna mtoto analia huku.

#2 Mgebuka_Mkavu

Siti ya mbele kabisa nimewahi. Mwalimu usituache stesheni treni isije ikaondoka na sisi hatujui kilichotokea.

#3 Pasi_Mpenyezo

Chai hii. Mi mwaka huo nilikua nauza duka hapo hapo Mwanga, maisha yalienda, watu walikula dagaa na ugali kama kawa. Wewe ulikua na njaa ya mshahara ukaipa jina la kizungu. Ukipewa laki tano siku ile ungepona bila kutembea na fimbo.

#4 Chaki_Mkononi

Pasi_Mpenyezo mkuu umepatia nusu, sikatai. Laki tano ingenisaidia sana na kama ulikua nazo ungesema. Ila shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni na mshahara ukaanza kurudi kidogo kidogo, kuna mwenzetu mmoja alirudi kazini na hela akapata lakini usingizi haukurudi. Aliendelea kushika pumzi darasani watoto wakiwa wanaandika, nilimwona kwa macho yangu. Hela ilitibu njaa, ile nyingine ikabaki imekaa pale pale.

Muendelezo. Siku ya kwanza sikupata chochote zaidi ya magoti kuuma. Msije mkadanganywa na zile video mtu anakimbia dakika tano anatabasamu. Siku ya pili hivyo hivyo, ya tatu nilitaka kusingizia homa nikakumbuka nikisema homa kipindi kile nitaogopesha mtaa mzima. Siku ya nne nikalala mpaka saa kumi na moja bila kuamka. Usingizi ndo ulirudi kwanza, kabla ya furaha, kabla ya kitu chochote. Kisha njaa ikarudi. Kisha hasira, maana nilianza kuwagombeza watoto kuhusu viatu, mke akafurahi akasema afadhali, umefufuka.

Ila kitu kilichonitibu hasa mi naamini ni ule mlima wa kurudi. Kushuka stesheni ni raha, unaliona ziwa linafunguka taratibu, mvua ikiwa imenyesha usiku unaiona milima ya Kongo ng'ambo kama imesogezwa. Kurudi Mwanga sasa. Moyo unadunda, kifua kinapanda na kushuka, jasho, midomo inakauka, yaani dalili zangu zote za saa nane usiku zimekuja mchana kweupe, lakini hapa najua sababu ni mlima na mzee yuko kwenye ncha ya fimbo anaongea habari za behewa lililoanguka enzi hizo. Tunasimama kwenye mti, dakika tatu, moyo unatulia wenyewe. Sikuugusa, sikuuhesabia. Kesho tena. Kama wiki tatu hivi ndo nikagundua usiku moyo ukianza kwenda mbio najiambia aa, huu ni mlima tu, unapita.

#5 Kuli_wa_Ziwani

Nimesoma kwa heshima ila ngoja niseme langu. Hapa bandarini sisi tunabeba, gunia la kilo hamsini begani tangu asubuhi, hakuna mtu Kigoma anatoka jasho kutuzidi. Kama jasho lingekua dawa ya mawazo sisi tungekua watu wa kucheka tu. Mwaka ule abiria wa Kongo na Burundi wakapungua, mizigo ya mkononi ikaisha, siku tunapata kazi tunaua mgongo siku nyingine tunakaa. Rafiki yangu mwenye kifua kama mlango alikua analia kwenye kona ya ghala. Mazoezi ni ya walioshiba wakuu, ndo ukweli.

#6 Mgebuka_Mkavu

Kuli umegonga penyewe. Ngoja waje wataalam.

#7 Sista_wa_Zamu

Nimekuja. Mi ni muuguzi, niko Tabora ila nyumbani ni Kasulu, na hoja ya Kuli_wa_Ziwani ni hoja nzito wala sio ubishi. Watafiti wenyewe wameiona, kwamba faida ya akili inaonekana zaidi kwenye mwendo ambao mtu kauchagua mwenyewe kuliko kwenye kazi ya kulazimika. Gunia haulichagui, na ukilitua unawaza la kesho, mgongo unauma na hupati kupumzika. Mwili unatoka jasho lile lile lakini kichwa kiko kwenye deni. Kwahiyo kumwambia kuli aende kukimbia jioni ni matusi. Kwake yeye mazoezi inaweza kua kukaa kivulini na wenzake akacheza bao na kulala mapema, sijui, ila si kumuongezea mlima.

Sasa kwa mwalimu. Alichoeleza pale kwenye mlima mi nimekisoma mara mbili. Mtu mwenye hofu anaogopa mwili wake mwenyewe, moyo ukidunda anadhani anakufa, hofu inaongeza kudunda, mzunguko hauishi. Anapoudundisha moyo kwa makusudi mahali salama, akaona unatulia, mwili unajifunza. Kuna matibabu ya hofu yanayotumia njia hiyo hiyo kabisa, ila sisi tunatumia ngazi za hospitali, hatuna mzee wa reli.

Na hakua peke yake. WHO Machi 2022 walitoa makadirio kwamba mwaka wa kwanza wa janga wasiwasi na sonona viliongezeka kwa asilimia 25 duniani. Na huu mjadala wa mazoezi na sonona haukuzaliwa na korona, Marekani pale chuo kikuu cha Duke mwaka 1999 walichukua watu 156 wa miaka 50 na kuendelea wenye sonona, wengine wakapewa mazoezi, wengine vidonge vya sonona vinaitwa sertralini, wengine vyote viwili, kwa wiki 16. Dawa ilianza kufanya kazi haraka zaidi, lakini mwisho wa zile wiki makundi yakawa yamekaribiana. SIJASEMA mtu atupe vidonge. Narudia kwa herufi kubwa maana najua humu kuna mtu ataenda kumwambia shangazi yake aache dawa. USIACHE DAWA KWA KUSOMA UZI.

Kipimo ambacho WHO walitoa Novemba 2020 kwa mtu mzima ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukigawanya ni kama nusu saa siku tano. Mwalimu na mzee wake kushuka stesheni na kupanda walikua wamepitiliza bila kujua.

#8 Pasi_Mpenyezo

Sista nawe, unaongea lakini huwezi kuimba. Mke wangu akipika anaongea na anaimba na anafokea watoto, hiyo ni mazoezi au sio?

#9 Sista_wa_Zamu

Hiyo ni kazi ya pili isiyo na mshahara. Msaidie kusukuma ugali, nawe upate zoezi.

#10 Binti_Ujiji

Asante sista kwa hilo jibu maana uzi ulikua unaelekea kua wa wanaume na vijiti vyao.

Mi niko Ujiji. Huku mwanamke mwenye watoto wanne akitoka alfajiri kutembea bila kikapu mkononi mtaa mzima una maswali. Kaachwa? Anamfuata nani? Kapandisha mashetani? Nilijaribu, Aprili ile ile, nilitoka na baibui langu na raba za mwanangu, kabla sijafika kwenye miembe mama mmoja kanisimamisha, bi mdogo kuna msiba wapi? Nikamwambia hakuna, natembea. Akasema unatembea kwenda wapi. Nikakosa jibu, nikageuza nikarudi nyumbani, nikaingia jikoni nikalia, na sikujua nalia nini maana mama wa watu hakunikosea.

Kilichoniokoa ni rede. Watoto wako nyumbani shule zimefungwa, wanapigana kutwa, siku moja wamechora mistari uani mmoja hayupo timu haijakamilika wakaniita kwa utani, mama njoo ujaze. Wakuu nina zaidi ya miaka thelathini na tano. Nikafunga kanga kiunoni nikaingia kati. Mpira wenyewe ni soksi ya baba yao imejazwa mifuko ya rambo na kuzungushiwa kamba ya katani, ukikupata kwenye paja unasikia. Nikakwepa wa kwanza, nikakwepa wa pili, wa tatu ukanipata sikioni na pete ikadondoka kwenye mchanga, tukaanza kuitafuta wote tunacheka, mi sijacheka hivyo tangu Machi. Ikawa kila baada ya alasiri tunacheza. Ukuta ni mrefu hakuna anayeona. Baadaye wifi akaja, baadaye jirani, tukawa wanawake sita tunarushiana soksi, na wale watoto wetu wamekaa pembeni wanalalamika tumewanyang'anya mchezo.

Mume wangu alidhani tumelogwa.

#11 Mgebuka_Mkavu

Binti_Ujiji uzi bila picha ni batili lakini wewe nakusamehe, hiyo picha nimeiona.

#12 Mbali_na_Ziwa

Salamu kutoka Johannesburg, mzaliwa wa Katonga hapa. Nyie mnaongelea kujifungia, huku tulifungiwa kwelikweli. Kuanzia tarehe 27 Machi 2020 ilikua hata kukimbia nje hairuhusiwi, ukitoka ni chakula au dawa, askari njiani. Tarehe 1 Mei ndo wakaruhusu mazoezi, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa tatu, karibu na kwako tu. Asubuhi ile ya kwanza mtaa wetu ulijaa utadhani kuna mkutano wa hadhara, watu ambao hawajawahi kukimbia maisha yao wako barabarani na kandambili. Hispania nao walikua hivyo hivyo mpaka tarehe 2 Mei, Uingereza wao waliruhusu kutoka mara moja kwa siku kwa ajili ya mazoezi tangu mwanzo.

Sisi tulikua watu watano chumba kimoja na ngazi za jengo. Nilikua napanda ghorofa nne na kushuka, mara ishirini, na mzigo wa unga mgongoni. Majirani wakaniita yule mbeba unga. Nikiwa kule juu kwenye dirisha la ngazi nilikua nafumba macho najifanya naliona ziwa. Kuna siku nikaapa nasikia harufu ya dagaa wameanikwa Kibirizi. Kumbe jirani Mmalawi anapika usipa.

#13 Kifua_Kigumu

Mwalimu na wengine nisikilizeni, maana hamjasema upande wa pili na mtaua watu.

Mi nilikua mtu wa mpira, nacheza veterani, najisifia. Februari 2021, kile kipindi kila tangazo la msiba ni "changamoto ya upumuaji", ikanikamata. Siku kumi kitandani. Ya kumi na mbili nikajiona mzima, nikasema nitoe uchafu kwa jasho kama tulivyofundishwa na mababu, nikavaa raba nikaenda kukimbia. Sikufika mbali. Miguu ilikua kama ya mtu mwingine, moyo ukapiga kama unataka kutoka, nikakaa kwenye mtaro. Nilirudi kwa bajaji. Siku tatu zilizofuata siwezi hata kufua shati. Nikipumzika napata nafuu, nikijilazimisha narudi nyuma tena, miezi minne hivyo. Na hicho ndo kilinipa sonona, sio ugonjwa wenyewe, ni kuona watu wanasema fanya mazoezi utapona na mi kila nikifanya nazidi kuumwa, nikaanza kujiona mvivu.

#14 Sista_wa_Zamu

Kifua_Kigumu asante na pole sana, na hukua mvivu. Virusi vikali vinaweza kugusa mpaka msuli wa moyo, ndo maana mtu mwenye homa au aliyetoka kuumwa hatakiwi kukimbilia jasho. Alafu kuna watu ambao baada ya korona wanabaki na uchovu ambao ukijilazimisha leo unalipa kesho na keshokutwa, hao dawa yao ni kupima nguvu zao kidogo kidogo na kusimama KABLA ya kuchoka. Kifua kikibana, ukizimia au moyo ukirukaruka, hospitali, sio raba. Na lile la kutoa ugonjwa kwa jasho naomba tulizike leo.

Jingine. Kama mtu amefika kutamani asiwepo, kutembea peke yake na mawazo hayo sio suluhisho. Mwambie mtu leo, nenda hospitali ya wilaya au ya mkoa uombe kuonana na mhudumu wa afya ya akili. Watu wetu wanadhani ukiingia huko unapelekwa Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma, moja kwa moja. Hupelekwi. Wengi tunaongea nao wanarudi nyumbani jioni.

#15 Kuli_wa_Ziwani

Sista mi nimekuelewa. Na nimekumbuka sasa, yule rafiki yangu wa ghalani alichangamka siku alipoanza kwenda kupiga makasia jioni na vijana wa Katonga, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi hawatoki, mitumbwi imekaa, wanashindana mpaka kule kwenye mawe na kurudi. Anabeba mchana na bado jioni anapiga kasia. Nilimwambia we mjinga utakufa. Akaniambia gunia ni la tajiri, kasia ni langu.

#16 Sista_wa_Zamu

Ndo nilichokua nahangaika kukisema kwa aya nzima huyo kakisema kwa pumzi moja.

#17 Pasi_Mpenyezo

Haya basi na mi niseme, nimewacheka sana hapo juu. 2020 duka langu lilikua linauza kweli, ila usiku nilikua nafunga nahesabu hela mara tatu mara nne, zinatimia, naanza tena. Sikua na shida na hela. Sijui nilikua nahesabu nini. Nimeona ile ya kushika pumzi nikanyamaza kwanza. Nilidhani niko peke yangu.

#18 Chaki_Mkononi

Pasi karibu kwenye chai yangu, bado ya moto.

Nimerudi nimalizie. Shule zilipofunguliwa nikajiona nimepona nikaacha kushuka na mzee, si natembea kwenda kazini tayari. Oktoba nikapata mkopo nikanunua pikipiki. Sasa jumlisheni wenyewe. Pikipiki, mitihani, alafu Februari na Machi 2021 ile misiba mfululizo mpaka nchi yenyewe ikafiwa na rais tarehe 17 Machi, na mi usiku mmoja nikajikuta niko uani nimeshika bomba la maji. Saa nane. Nilijua kabisa nilipo, nikasema hii njia naifahamu.

Asubuhi nikaenda kwa mzee bila kuitwa. Akatoka na fimbo kama vile tulikua wote jana, hakuuliza ulikua wapi miezi yote. Njia ilikua imebadilika, ziwa lilipanda miaka hiyo, ule mchanga wa Kibirizi tuliokua tunafikia Jumamosi kuangalia kina mama wakigeuza dagaa ulikua umemezwa, na vibanda viko ndani ya maji. Tukawa tunaishia stesheni. Mzee anasema hii nyumba ya stesheni Mjerumani aliijenga reli ilipofika hapa mwaka 1914, na tangu hapo watu wanashuka wamechoka wanaona maji wanapumua. Sijui kama ndivyo alivyokua akiwaambia wenzake enzi za kazi au alinitungia mimi.

Chanjo zilipoanza Julai 2021 tulienda wote wawili kupanga foleni, kwa miguu. Akamwambia nesi mchome huyu kwanza, anaogopa.

Na ile shida yake ya mtelemko? Uongo mtupu. Mwanae aliniambia mzee alikua anashuka na kupanda peke yake mwendo wa askari miaka yote, na siku aliyokuja kuniita alikua katoka stesheni asubuhi hiyo hiyo.

#19 Binti_Ujiji

Mzee yuko bado?

#20 Chaki_Mkononi

Yuko. Goti la kushoto limegoma kabisa mwaka huu, tunaishia kwenye mti, ule tuliokua tunasimama kupumzika. Namshika mkono siku hizi, fimbo anaitumia kuchapia majani. Kahawa bado ananunua anayetaja ugonjwa, ila sasa anayetaja ni yeye, la goti, kila siku, na anajifanya hana chenji.

Yule kijana wa chuo nimemwambia Jumamosi aje saa kumi na mbili, nimemwambia nina mzee hapa anahitaji watu wawili wa kumshika.

#21 Pasi_Mpenyezo

Watatu. Ila saa kumi na mbili ile ya giza au mnasubiri jua?

#22 Chaki_Mkononi

Ya giza. Mzee hasubiri.

#23 Mgebuka_Mkavu

Na mvua ikinyesha? Huku Gungu wingu limekaa vibaya toka mchana.

#24 Chaki_Mkononi

Ikinyesha njoo na mwavuli wako, wangu una mfupa mmoja umekatika.